Presha ya turbo kwenye gari dogo: Kiasi gani kinamtosha mbeba mzigo wa Tabora?

MWAKA 2009 mjomba wangu, mfanyabiashara wa asali anayeishi Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, alinunua gari dogo aina ya Toyota Starlet. Halikuwa kama Starlet nyingine zilizojaa mitaani wakati ule. Nyuma liliandikwa Glanza V, na chini ya boneti lilikuwa na turbo. Aliyemuuzia alimhakikishia kuwa gari hilo linakimbia kama mshale. Mjomba hakuwa na haja ya kukimbia. Alichotaka ni gari linaloweza kutoka Sikonge na madumu ya asali, kupita kwenye mchanga na kufika sokoni Tabora kabla ya jua kuzama, bila kunywa petroli kama pikapu.

Miezi minane baadaye injini ya gari hilo ilikuwa imelazwa juu ya gunia kwenye gereji moja ya mjini. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu ambalo kidole gumba kingepita. Bei ya injini nyingine ya mtumba, pamoja na ufundi, ilikuwa sawa na thamani ya madumu 34 ya asali. Hapo sijahesabu wiki sita za msimu ambazo mjomba alikaa nyumbani akiwaangalia wenzake wakipita na mizigo.

Nilikuwa Tabora kwa likizo siku injini hiyo ilipofunguliwa, wakati huo nikiwa mwanafunzi wa uchumi wa kilimo Morogoro. Tangu hapo nimekutana na kisa hicho mara nyingi, kwa sura tofauti, kwa wakulima na wachuuzi walionunua Pajero Mini, Suzuki Jimny, Suzuki Every au Subaru zenye turbo. Mara nyingi mwenye gari anasema turbo ilikuwa mbovu. Turbo ya mjomba ilikuwa nzima kabisa, na leo naandika kueleza kilichoiua injini.

Turbo ni nini hasa

Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe, kama mtu anavyovuta pumzi. Turbo ni pangaboi mbili ndogo zilizofungwa kwenye shafti moja. Ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka kwenda ekzosi. Ya pili, iliyo upande wa pili wa shafti, inasukuma hewa safi kwa nguvu kuingia kwenye silinda. Hewa ikiingia nyingi, petroli nyingi inaweza kuchomwa, na nguvu inaongezeka. Injini ya Glanza ina ukubwa wa cc 1,331 tu, lakini kiwandani ilitoka na nguvu farasi 135. Ndugu yake ya ukubwa huohuo isiyo na turbo ilikuwa na 85.

Nguvu hiyo haipatikani bure. Pangaboi hizo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja zikipigwa na moshi wenye joto la nyuzi 800 na zaidi, na kinachoilinda shafti isishikane ni utando mwembamba wa oili. Kwa sababu hiyo oili chafu huua turbo mapema, na dereva mwenye busara akifika na mzigo huacha injini iungurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Moshi ukiachwa uzungushe pangaboi bila kizuizi, presha itapanda hadi kitu kipasuke. Kwa hiyo kando ya turbo kuna kijimlango cha kutorosha sehemu ya moshi. Kijimlango hicho kinafunguliwa na kikopo cha bati chenye springi ndani na kifimbo kinachotokea nje. Presha ya hewa ikifikia kiwango kilichopangwa, inaishinda springi, kifimbo kinasukumwa, mlango unafunguka na turbo inatulia. Nakuomba ukikumbuke kifimbo hicho, kwa kuwa ugomvi wote ulianzia hapo.

Presha ya turbo hupimwa kwa baa. (Si ile ya bia, wala si baa la njaa, ingawa kwa mjomba iligeuka kuwa hilo la pili.) Kwa aliyezoea geji ya kujazia upepo tairi, baa moja ni kama 14.5 kwa namba za geji hiyo, na tairi la gari dogo lililojazwa 30 lina takriban baa mbili. Glanza ilipangwa kiwandani isukume karibu baa 0.65 juu ya hewa ya nje, yaani zaidi kidogo ya 9 kwa geji ya tairi. Ilikuwa pia na kitufe cha kuchagua presha ndogo, karibu baa 0.4. Mjomba alidhani kitufe hicho ni cha taa iliyoungua.

Hewa ya Tabora si ya Dar es Salaam

Madereva wengi hawafikirii habari ya mwinuko. Tabora ni tambarare, hivyo ni rahisi kusahau kwamba tambarare hiyo iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Dar es Salaam hewa ya nje ina presha ya baa 1.01 hivi. Tabora ina kama 0.88. Upungufu ni karibu asilimia 13, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hapo.

Kwa kweli turbo ilipata sifa kwa ajili ya tatizo hilohilo. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyeandikisha wazo la turbo mwaka 1905, lakini lililoisukuma mbele lilikuwa ndege. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege kwenye kilele cha Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000 juu, akaifunga turbo kuonyesha kwamba nguvu iliyopotea kwa hewa nyepesi inaweza kurudishwa. Mwenye gari la turbo Tabora, basi, ana nafuu kuliko mwenye gari la kawaida.

Nafuu hiyo ina gharama yake. Geji inasoma tofauti kati ya hewa iliyo ndani na hewa ya nje. Ikisoma 0.65 Dar es Salaam, turbo imeigandamiza hewa mara 1.64. Ikisoma 0.65 hiyohiyo Tabora, imeigandamiza mara 1.74, kwa sababu imeanza na hewa nyepesi. Pangaboi zinazunguka kasi zaidi na hewa inapata joto zaidi, ingawa sindano ya geji iko palepale. Maana yake ni kwamba Glanza ambayo haijaguswa na fundi yeyote, ikiwa Tabora inafanya kazi ngumu kuliko ikiwa pwani.

Hewa ikigandamizwa hupata joto. Aliyewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono anajua pampu inavyochoma vidole. Kwa siku ya nyuzi 30 na turbo iliyo katika hali nzuri, hesabu inaonyesha kuwa kwa baa 0.65 hewa hutoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi zaidi kidogo ya 100. Ukipandisha hadi baa 1 hapohapo Tabora, inafika 135 hivi, na turbo ndogo ikishachoka kiwango hicho hupitwa. Kati ya turbo na injini kuna kipoza hewa, kinachofanana na rejeta ndogo. Kwenye Starlet hizo kimewekwa juu ya injini, na kinategemea upepo wa gari linapotembea. Gari likiwa kwenye mchanga, gia ya pili, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, mguu umekandamiza hadi mwisho, upepo huo haupo. Joto la injini yenyewe linapanda moja kwa moja kwenye kipoza hewa. Kijana anayekimbiza gari la aina hiyo kwenye lami ya Dar es Salaam huenda akalitendea vizuri kuliko mchuuzi wa asali anayetembea polepole kwenye mchanga wa Sikonge.

Jinsi injini ilivyouawa

Sasa nirudi kwa mjomba. Miezi ya mwanzo gari lilimridhisha. Kisha likaanza kulegea. Alilipeleka kwa fundi mmoja, jina lake nitaliacha, naye akalisikiliza na kusema turbo imechoka, inahitaji "kufunguliwa ipumue". Akafungua nati ya kifimbo, akakifupisha. Kifimbo kikifupishwa springi inabanwa zaidi, na kijimlango kinachelewa kufunguka. Gari likavuta. Mjomba akalipa kwa furaha.

Fundi yule hakutafuta kilichofanya gari lilegee. Bomba la mpira kati ya turbo na kipoza hewa lilikuwa limelegea kwenye klipu, na hewa ilikuwa inavuja. Turbo ilikuwa inajaza ndoo iliyotoboka. Kwa kufupisha kifimbo aliongeza maji ya kumwaga kwenye ndoo, tundu akaliacha.

Miezi miwili baadaye, wakati wa kubadilisha oili, kijana mwingine wa gereji aliiona klipu imelegea akaikaza. Alifanya vizuri, bila kujua habari ya kifimbo. Sasa tundu limezibwa na kifimbo bado ni kifupi. Presha ikapanda kupita kiwango cha kiwanda, na gari likaanza tabia mpya. Likivuta kwa nguvu, ghafla linakata kama limeishiwa petroli, kisha linarudi, kisha linakata tena.

Kukata kule ulikuwa ulinzi wa gari lenyewe. Kompyuta ya Glanza husoma presha kwa sensa, na presha ikipita ukomo uliowekwa na kiwanda huzuia petroli makusudi ili injini isiungue. Mjomba alirudi kwa fundi wa kwanza akilalamika. Fundi akaweka kidude cha elektroniki kidogo kama punje ya mchele kwenye waya wa sensa, kazi ya kuzuia kompyuta isione presha ikipita kiwango fulani. Kukata kukaisha siku hiyohiyo.

Msomaji, hapa naomba tuende polepole. Kompyuta hiyo hupima petroli ya kuingiza kwa kuangalia presha. Ikidanganywa kuwa presha imeishia 0.8 wakati ukweli ni 1.0, itatoa petroli ya 0.8. Hewa imekuwa nyingi na petroli imebaki kidogo. Mchanganyiko wa namna hiyo huwaka kwa joto kali mno. Juu yake, hewa inayoingia tayari ni ya moto. Petroli inaanza kulipuka yenyewe kabla ya plagi haijatoa cheche zake vizuri, na mlipuko huo unagonga pistoni wakati bado inapanda. Mafundi wetu wanasema injini inagonga. Dereva husikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, lakini kwenye gari lililopakia na vioo vimefunguliwa kwenye barabara ya vumbi hasikii chochote.

Haikupita mwezi. Siku hiyo mjomba alikuwa na madumu 14 na kijana wa kumsaidia, na njiani aliongeza petroli ya kwenye chupa kijijini. Akaingia kwenye mchanga. Gari likatoa moshi mweupe, likapoteza nguvu, likasimama.

Fundi mzee aliyeifungua injini alinionyesha kifimbo kabla ya kunionyesha pistoni. Nikamuuliza mjomba kama alijua kimefupishwa.

"Mpwa wangu," alinijibu, "mimi niliambiwa turbo imefunguliwa ipumue. Sikuuliza imefunguliwa nini."

Fundi akacheka kidogo, kwa heshima. "Mzee, gari lako halikuwa gonjwa. Lilikuwa linakukatalia. Ukalinyamazisha."

Petroli nayo ina ukomo wake

Kiwango cha presha kilichopangwa kiwandani kimepangwa pamoja na petroli ya aina fulani. Petroli ya kawaida ya Japani ina okteni isiyopungua 89 kwa viwango vya nchi hiyo, na ile bora 96. Okteni ni uwezo wa petroli kuvumilia kugandamizwa na joto bila kulipuka kabla ya wakati. Wahandisi wa Glanza walijua presha itaongezeka, hivyo wakapunguza uwiano wa mgandamizo wa injini hadi 8.5, wakati ile isiyo na turbo ina 9.6. Kila kitu kilihesabiwa kwa petroli safi.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hesabu hiyo inaivuruga, maana okteni ya mafuta ya taa ni ndogo sana. Tunajua uchakachuaji ulivyoisumbua nchi hii, hadi EWURA ikaanzisha uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Hatua hizo zilisaidia vituoni. Petroli ya kwenye chupa kando ya njia ni habari nyingine, kwa sababu hakuna anayejua imepita mikono mingapi. Injini isiyo na turbo italalamika na kuendelea. Yenye turbo iliyozidishwa presha inaweza isipate nafasi ya kulalamika. Kama huna budi kuongeza petroli ya chupa, endesha taratibu usiifikishe turbo kwenye presha kubwa, na kama gari lina kitufe cha presha ndogo, hiyo ndiyo siku yake.

Hesabu ya mchumi

Nimesomea hesabu za shamba na si za gereji, kwa hiyo swali langu ni rahisi. Mjomba alipata nini kwa kupandisha presha?

Tuchukue kupandisha kwa kiasi, kutoka 0.65 hadi 0.85. Ukijumlisha na hewa ya Tabora, jumla inatoka 1.53 kwenda 1.73. Kwenye karatasi ni ongezeko la asilimia 13. Lakini hewa hiyo ni ya moto zaidi, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo kinachoingia kweli kwenye silinda ni asilimia 8 hadi 10 zaidi. Hiyo ndiyo nguvu aliyokuwa anainunua, gari likiwa zima na petroli ikiwa safi.

Sasa angalia mzigo. Dumu la lita 20 likijaa asali lina uzito wa kilo 28 hivi, maana asali ni nzito kuliko maji. Ni karibu mzigo aliobeba mpagazi wa Kinyamwezi enzi za misafara ya kati ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji, waliohesabu kama frasila mbili kwa mtu. Mjomba alikuwa anapakia wapagazi 14 ndani ya Starlet, jumla kilo 392. Gari lenyewe lina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 900. Ongeza watu wawili, unakaribia kilo 1,450.

Ukishusha madumu matano umepunguza kilo 140, ambazo ni karibu asilimia 10 ya uzito wote. Kwenye mchanga, ambako kinacholizuia gari ni uzito wake, nafuu hiyo inalingana na ile ya kupandisha presha. Tofauti ni kwamba kushusha madumu hakutoboi pistoni. Mjomba angepoteza usafirishaji wa madumu matano kwa safari. Injini ilimgharimu madumu 34, yaani angehitaji safari saba tu zenye mzigo pungufu kufikia hasara hiyo, na bado madumu yaliyoachwa nyuma yangekuwapo ghalani yakisubiri safari nyingine, kwani asali haiozi. Kwa mwenye nyanya hoja hii ni dhaifu zaidi, nakubali. Mwenye nyanya huenda ikamlipa kukodi nafasi kwenye gari kubwa siku za mavuno mengi.

Wenye magari ya cc 660 huniambia kiwanda kimewabania. Ni kweli kwa sehemu. Viwanda vya Japani vilikubaliana kwamba magari ya kundi hilo yasizidi nguvu farasi 64, ndiyo maana Pajero Mini, Jimny na Every za turbo zote zinaandikwa 64. Vijana wa gereji wanalijua jambo hilo na wanalitumia kama ushahidi kuwa kuna nguvu imefichwa. Inaweza kuwapo kidogo. Lakini rejeta, klachi na gia za gari hilo vilitengenezwa kwa farasi 64, na kirikuu katika kundi hilo huruhusiwa Japani kubeba kilo 350 tu. Hapa kwetu magunia manne ya mahindi yameshapita kiwango hicho, na kila mmoja wetu ameona kirikuu chenye magunia manane.

Ushauri wangu kwa Tabora, na kwa sehemu zote za nyanda za juu, ni huu: kiwango cha kiwanda kichukuliwe kuwa mwisho. Dar es Salaam fundi mwenye vifaa vya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli anaweza kuongeza kidogo akijua anachofanya. Huku mwinuko umeshaitumia sehemu ya akiba hiyo kabla fundi hajafungua boksi la spana.

Pima kabla ya kufungua

Geji ya turbo ni kitu kidogo cha mviringo, na hufungwa kwa mpira mwembamba unaounganishwa na njia ya hewa baada ya mlango wa kanyagio la mafuta. Injini ikiwa imezimwa angalia inasoma nini. Ikisoma sifuri, inapima tofauti na hewa ya nje, na kiwango cha kitabu unakilinganisha moja kwa moja. Ikisoma karibu 0.88, au 88 kwa namba za kilopaskali, inapima kuanzia ombwe, na lazima utoe kiasi hicho kwanza. Nimeona mtu akishusha presha ya gari zima kabisa kwa kutolijua hilo.

Jaribu kwenye barabara iliyonyooka isiyo na watu, gia ya tatu, gari likiwa tupu na injini imeshapata joto. Kanyaga mafuta hadi mwisho kwa sekunde chache, mtu mwingine asome geji. Sindano inapaswa kupanda, kufika kiwango chake na kutulia. Ikipita kiwango kwa zaidi ya baa 0.1 na kubaki huko, ondoa mguu. Huenda kifimbo kimefupishwa, kijimlango kimekwama kwa kutu, au mpira mwembamba unaokwenda kwenye kikopo umepasuka. Huo mpira mwembamba ni wa bei ndogo kuliko soda, na ukichomoka springi haipati habari ya presha na turbo inapiga bila breki.

Ikiwa presha iko chini ya kiwango, fuata njia ya hewa kwa mikono kabla ya kugusa kifimbo. Anza na filta, ambayo kwa vumbi letu huziba mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kaza klipu za mabomba yote ya mpira. Pitisha maji ya sabuni kwenye maungio uangalie mapovu, mtu mwingine akisukuma hewa kidogo kwa pampu kupitia mdomo wa filta, injini ikiwa imezimwa. Angalia ekzosi kama haijaziba, na breki kama hazishiki. Gari lilegealo lina sababu nyingi, na presha ndogo ya turbo ni moja tu kati ya hizo. Vijana waliopita vyuo vya VETA wengi wanaweza kazi hii, mradi uwaambie mapema kwamba unalipia kupima, hata kama hakuna spea itakayobadilishwa. Fundi anayelipwa kwa kufungua tu atafungua.

Na gari likianza kukata presha inapopanda, usikubali mtu aguse sensa. Rudisha presha chini kwanza.

Wenye dizeli wana kanuni tofauti kidogo. Dizeli haigongi kwa namna ya petroli, na injini zake huvumilia presha kubwa zaidi. Kinachoziua ni mafuta mengi kupita hewa iliyopo, pale fundi anapozungusha skrubu ya pampu ili gari lipande mlima. Moshi mweusi unaoonekana nyuma ni alama kwamba joto la ekzosi limepanda. Wenye Hilux za zamani zenye injini ya 2L-T wanaijua vizuri habari ya silinda hedi kupasuka, sihitaji kuwasimulia.

Mjomba alifunga injini ya pili mwaka 2010. Fundi mzee akamrudishia kifimbo kwenye urefu wake, akang'oa kile kidude kwenye waya na kumfungia geji juu ya dashibodi, akaichora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha penye 0.65. Tangu siku hiyo mjomba alipakia madumu tisa. Kwenye mchanga alibonyeza kile kitufe alichodhani ni cha taa, akapita polepole, mara nyingine kijana akishuka kusukuma.

Gari aliliuza mwaka 2016, injini ileile ya pili ikiwa inafanya kazi. Geji hakuiuza. Ameihamishia kwenye kirikuu chake cha sasa, ambacho hakina turbo, na sindano yake haijawahi kupita sifuri. Ukimuuliza ya kazi gani, anasema inamsaidia kusikiliza.